Kichwa Kilichoibukia Mafigani

Vijana mmeniomba niandike jinsi tulivyoanza, na mmeninunulia daftari lenye jalada gumu ili nisiwe na kisingizio. Mimi, Ndahani, niliishia darasa la saba, na mpaka leo sijui kama nililimaliza au lilinimaliza. Kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, fanyeni kama tunavyofanya kazini: rudini nyuma mita mbili, nyoosheni, msonge mbele.

Habari za nani alikuwa na cheo gani siziandiki. Tulikuwa wawili, na ukubwa tulibadilishana kufuatana na nani kaamka mapema. Nitaandika zaidi habari ya siku moja ya Miyuji, ile ambayo mnaisimulia vibaya. Mnaisimulia vibaya kwa sababu mimi ndiye niliyewasimulia hivyo.

Kabla ya mashine nilikuwa mtu wa sululu. Nilichimba mitaro ya mabomba na ya nyaya kwa wakandarasi mbalimbali, na wenye kuijua ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi wanajua kwamba haichimbwi, inabembelezwa. Ukifika kwenye lami ndiyo balaa lenyewe. Unakata barabara, unazuia magari, na kila dereva anayepita anamtaja mama yako kwa jina ambalo hakupewa.

Kwenye mtaro mmojawapo nikakutana na Lukelo, Mhehe wa Iringa, aliyekuwa anaendesha kijiko. Siku ya kwanza alizima injini, akaniangalia nikichimba, akasema, "Wewe Mgogo, hiyo ardhi unaichimba au unaiomba ikusaidie?"

Nikamjibu, "Na wewe Mhehe shuka huko juu, mbwa wa mtaa mzima wamejificha usiwale, hawajala tangu asubuhi."

Tukawa marafiki. Kwa wageni walioajiriwa juzi, mjue kwamba Wagogo na Wahehe ni watani. Neno ambalo likitoka kwa mwingine mnashikana mashati, likitoka kwa mtani ni salamu. Mtani anaweza kuchukua kofia yako akaivaa wiki nzima, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Kwenye msiba haki zake zinazidi. Huko mtani anaweza kumsema marehemu, kumwigiza anavyotembea, hata kukamata kitu akataka kikombolewe, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Shikeni hilo, tutalihitaji mbele.

Lukelo ndiye aliyekuwa ameona mahali mashine inayopita chini ya barabara. "Inakwenda kama fuko," aliniambia. "Inaingia upande huu, inatokea ule, na barabara haina habari." Mimi sikuamini. Naandika hivyo kwa haki, maana nimewahi kujigamba mbele yenu kwamba wazo lilikuwa letu wote. Lilikuwa lake. Langu lilikuwa kusema haiwezekani, na hata hilo nalo lilisaidia, kwa sababu Mhehe ukimwambia haiwezekani haoni tena usingizi.

Mashine tuliipata yadi ya mitumba Dar es Salaam. Bei siitaji, imeshaleta maneno ya kutosha nyumbani kwangu. Ilikuwa imepauka, kiti kimechanika, na ndani ya sanduku la vifaa mlikuwa na glovu moja ya mkono wa kushoto, kijiko cha kulia, na kitabu cha maelekezo cha lugha ambayo hata herufi zake hatukuzitambua. Lukelo akaipa jina la Mjane. "Ameachwa na wa kwanza," alisema. "Tumtunze, tusimuulize ya zamani."

Nieleze kazi ilivyo, maana ninyi wa siku hizi mna skrini mpaka kwenye kikombe cha chai. Mjane analala upande mmoja wa barabara, anasukuma vyuma ardhini, tunaviita rodi, kila moja mita tatu, unaunga nyingine nyuma yake. Mbele kabisa ya rodi kuna kichwa. Kichwa kimekatwa mshazari kama kalamu ya mwanzi, na huo mshazari ndio usukani: ukikizungusha huku unasukuma, kinakwenda sawa, ukiacha kukizungusha, kinafuata upande ambao mshazari umeelekea. Tumboni mwa kichwa kuna kidude kinachotoa ishara. Juu ya ardhi anatembea mtu na lokeita, kile chombo kinacholia pii pii, kinachosikia ile ishara na kusema kichwa kiko wapi na kwenye kina gani. Mtu wa mashine haoni kitu. Mwenye lokeita ndiye macho yake. Mwenye lokeita nilikuwa mimi.

Kichwa tulikuwa nacho kimoja. Yadi yote hakikuwapo cha pili, na cha kuagiza nje kilikuwa ndoto. Kichwa kikipotea chini, kazi yetu imezikwa nacho, mimi narudi kwenye sululu na Lukelo anarudi kwenye kijiko cha watu.

Mwalimu wetu alikuwa fundi Hamisi, Msandawe wa Chemba, aliyekuwa na karakana Area D. Hakuwahi kuiona mashine ya namna hiyo, lakini hakusema. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye pampu na mpini wake sikioni, akafumba macho, akasikiliza kama daktari. Kisha akaongea Kisandawe peke yake, ile lugha ya kupiga vidoko kwa ulimi, na sisi tukasubiri kama wagonjwa.

"Umesemaje, fundi?" Lukelo akauliza.

"Nimemwambia pole," Hamisi akasema. "Ameteswa huyu."

Alibadilisha mipira mitatu ya mafuta, akachomelea mguu mmoja, akatupa kanuni moja tu, akaiandika kwa chaki kwenye bodi ya Mjane: ASIYEONA ASISUKUME. Chaki ilifutika mvua za kwanza. Kanuni ingetakiwa ibaki.

Siku ya kwanza ya majaribio ilikuwa hapo hapo Area D, nyuma ya karakana. Watu walijaa kutazama. Lukelo akasukuma, na badala ya rodi kuingia ardhini, Mjane mwenyewe akarudi nyuma kama ng'ombe anayekataa josho, akavunja banda la kuku la jirani. Kosa letu lilikuwa kutomfunga kwa vigingi. Ardhi ya hapa kiangazi ni ngumu kuliko mashine isiyofungwa, kwa hiyo itakusukuma yenyewe. Tangu siku hiyo vigingi vinne, vya urefu wa kiuno, hata kama kazi ni ya dakika kumi.

Jambo jingine tulilojifunza ni tope. Ule unga wa udongo mnaouchanganya na maji kupoza kichwa na kushikilia shimo lisibomoke, kipimo chake tulikipata bila kitabu. Mke wangu alichungulia kwenye pipa akasema, "Hilo jepesi. Litelezeshe kama mlenda." Tukalitelezesha kama mlenda, na halijatuangusha. Wataalamu waliokuja baadaye na kifaa cha kupimia walipima tope letu wakaandika namba, wakaondoka kimya.

Kwenye kuelekezana pia tulitengeneza la kwetu. Kulia na kushoto hutatanisha, maana mmoja anatazama huku na mwingine kule. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuvuka barabara inayokwenda kaskazini, kwa hiyo upande mmoja ulikuwa Kondoa na upande mwingine Iringa. Nikimpigia simu nasema, "Iringa kidogo," au "Kondoa kidogo," au "Juu." Lukelo alikuwa akienda Iringa kwa furaha zaidi, lazima niseme, ilibidi kila mara nimpunguze.

Sasa Miyuji. Mkandarasi mkuu alikuwa anapeleka bomba la maji ng'ambo ya pili ya barabara, kwenye nyumba ambazo watu wake walikuwa wanachota mbali. Injinia wake kijana alituambia waziwazi: atakuja saa tisa alasiri, akikuta kichwa kimetokea kwenye shimo tulilochimba chini ya mwarobaini wa ng'ambo, tunapewa na barabara nyingine zilizobaki. Akikuta hakijatokea, anakata lami.

Tulianza saa mbili asubuhi. Lukelo anasema ilikuwa Jumatano, mimi nasema Alhamisi. Wekeni zote mbili. Mpaka saa nne na nusu kichwa kilikuwa kimepita chini ya lami vizuri kabisa, nami nimesimama ng'ambo na lokeita yangu, najiona mtu. Tukaelekeza mshazari juu ili kichwa kianze kupanda taratibu kwenda kwenye shimo la mwarobaini.

Nikainua macho, na mbele yangu, juu kabisa ya mstari wetu, palikuwa na turubai la msiba.

Jana yake halikuwapo. Alikuwa amefariki Mzee Chibago, mwenye nyumba ile, na ndugu walikuwa wametandaza turubai mpaka kwenye hifadhi ya barabara. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, nyuma ya nyumba masufuria juu ya mafiga. Kichwa kilikuwa kinakwenda chini ya turubai lile. Mimi nilitakiwa nitembee juu yake, katikati ya waombolezaji, na kidude kinacholia pii pii.

Niambieni ninyi mngefanyaje. Mimi nilifikiri nitapita pembeni haraka. Lakini mzee mmoja aliniona, nikalazimika kusema shikamoo, akajibu marahaba, akasogeza kiti. Msiba haurukwi kama dimbwi. Nikatoa pole, nikaketi. Lokeita ikalia pii. Watu wakageuka. Nikaizima, nikaiweka chini ya kiti.

Kabla sijaketi nilikuwa nimemwambia Lukelo kwenye simu, "Sukuma rodi mbili." Rodi mbili nilijua hazina madhara. Nilikusudia kuketi kwa muda wa rodi mbili, basi. Lakini sahani ikaja. Wali, maharage, na juu yake mfupa wa ng'ombe wenye uloto, mfupa wa heshima, sijui walinidhania nani. Sahani ya msiba hairudishwi.

Simu ikatetema. Nikainama nyuma ya mgongo wa mtu.

"Mtani, rodi mbili zimeisha. Tuko wapi?"

"Tuko sawa," nikasema. "Sukuma."

"Una hakika? Naona kunakuwa laini."

"Sukuma tu, bwana. Tuko sawa."

Lokeita ilikuwa imezimwa chini ya kiti changu. Sikuwa naona kitu chochote isipokuwa ule mfupa. Yeye asingeweza kuniona. Malori yalikuwa yanapita katikati yetu, na turubai lilifunika. Aliniuliza mara mbili, nami nikajibu mara mbili.

Akasukuma rodi tatu. Mshazari ulikuwa umetazama juu, na nadhani, sina hakika, kuna jiwe lililokisukuma kichwa upande wa Kondoa. Nilikuwa nimefika nusu ya uloto niliposikia mwanamke nyuma ya nyumba akipiga yowe ambalo halikuwa la kilio.

Tulikimbia wote. Katikati ya mafiga matatu, chini ya sufuria kubwa la maharage, ardhi ilikuwa inavimba kama chapati inayopata hewa. Wanawake wawili walishalishika sufuria kwa kanga na kuliweka pembeni, Mungu awabariki, hakuna aliyeungua na hakuna haragwe lililopotea. Kisha moto ukafanya chwaaa, tope la mlenda likabubujika, na katikati ya majivu kichwa chetu kikatokeza taratibu, kinang'aa, kinatikisika kidogo, kikasimama. Bila shaka Lukelo alisikia kumekuwa kwepesi mno.

Halafu ikasikika sauti ya fimbo ikigonga chini.

Alikuwa Mama Tumaini, Mhehe aliyeolewa mtaani pale, kiongozi wa watani msibani. Alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake, na ameshika fimbo yake. Mzee Chibago, nilikuja kuambiwa, alisifika kwa koti lile na kwa kufunga bomba lake la uani kwa kufuli, hata lilipokuwa limekauka. Mama Tumaini akachechemea mpaka kwenye mafiga, kwa mwendo wa marehemu, akakitazama kichwa.

"Miaka yote nimefunga bomba langu kwa kufuli," akasema kwa sauti nzito, "leo nimegeuza mgongo tu, mmenifungulia jikoni?"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Hata mjane wa marehemu, aliyekuwa amekaa ndani tangu jana, alitoka mlangoni kutazama, akajifuta machozi, na sikujua ni ya aina gani.

Nikasema, "Mama, samahani sana, hicho kitu ni chetu, tunakirudisha sasa hivi."

"Mama yupi? Mimi marehemu. Na wewe ni kabila gani?"

"Mgogo."

"Haya! Mgogo mfiwa, Mgogo mwenye kichwa." Akafungua kanga yake ya kiunoni, akaizungushia kichwa, akafunga mafundo mawili, akavuta kigoda akaketi. "Kinachoota kwenye ardhi ya mfiwa mbele ya watani ni mali ya watani. Kikomboe."

Hapo nikaelewa kwamba tumekwisha. Kanga ile hakuna wa kuifungua. Na kama Lukelo kule angevuta rodi kurudi nyuma bila habari, angeizamisha ardhini kanga ya mtani pamoja na heshima yetu, na tusingevuka barabara yoyote Dodoma hii maisha yetu yote. Nikampigia simu: "Usiguse kitu. Njoo." Ilikuwa saa sita kasoro.

Lukelo akaja anakimbia na glovu mkononi. Akaona mafiga, akaona kanga, akaona koti. Mama Tumaini akamtupia, "Kamwene," ambayo ni salamu ya kwao, na uso wa Lukelo ukafunguka kama mlango. Akajibu, akavua kofia, na badala ya kuja upande wangu akaenda kuketi kwenye mkeka wa watani.

"Lukelo!" nikasema. "Kichwa ni chako pia!"

"Nusu yangu nimeshaikomboa," akajibu. "Hapa tunazungumzia nusu ya Mgogo."

Mama Tumaini akagonga fimbo. "Kabla ya yote, nani ameleta hiki kichwa jikoni kwangu? Aseme mwenyewe."

Vijana, hapa ndipo penyewe. Watu wote wananitazama. Wale watu hawakujua kwamba mwenye lokeita ndiye macho. Waliniona nakula tu, na kula si kosa. Nilikuwa na uloto bado mdomoni. Nikanyoosha kidole.

"Opereta ni huyo," nikasema. "Mtani wenu. Alisukuma bila kuuliza."

Lukelo alinitazama. Haikuwa kwa muda mrefu, labda muda wa kufunga rodi moja. Kisha akasimama, akainama mbele ya koti la marehemu, akasema, "Ni kweli, mzee. Sisi Wahehe tukinusa jikoni hatuulizi njia."

Walicheka mpaka turubai likatikisika. Pale pale akabatizwa Bwana Mafiga.

Ukombozi ukatajwa. Kwanza, maji. Tangi letu la maji ya kuchanganyia tope lilikuwa juu ya pikapu, limejaa, na wapishi walikuwa wanachota mbali. Nusu ya tangi ikaenda jikoni. Pili, mimi nimlilie Mzee Chibago. "Umekula wali wake," alisema Mama Tumaini, "hujadondosha hata chozi la kushushia." Sikuwahi kumwona yule mzee. Nikasimama mbele ya watu nikalia kwamba alikuwa mkarimu, na watu wakapiga kelele, "Siyo huyo!" Nikalia kwamba bomba lake lilikuwa wazi kwa wote, wakazidi. Mwishowe nikalia kwa ajili ya kichwa changu, kwamba ni kimoja, kwamba hakina ndugu, kwamba bila hicho nitarudi kwenye sululu nikiwa na magoti haya, na hapo sikuwa naigiza tena. Mama Tumaini alinitazama akafungua fundo moja. Halafu la pili.

Ilikuwa saa saba na dakika. Tukavuta rodi tano nyuma, tukatengeneza tope la nusu tangi, tukaanza kuelekeza upya. Safari hii niliwasha lokeita, nikaomba ruhusa, nikatembea katikati ya waombolezaji inalia pii pii, na wanawake wakawa wanaiitikia. Pii. "Eeeh!" Pii. "Eeeh!" Hakuna aliyekasirika. Ningeweza kufanya hivyo tangu saa nne na nusu. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko inavyonifaa.

Saa tisa kamili zilikuwa zimebaki rodi mbili, na gari la injinia likasimama.

Nilisema moyoni, basi. Lakini Mama Tumaini alikuwa anatuangalia kwa muda, na alishauliza maji ya bomba lile yanakwenda wapi. Akatoka barabarani na koti lake.

"Shikamoo, mama," injinia akasema, "samahani, naangalia mradi hapa, naona—"

"Unapita kwenye msiba wangu na kofia kichwani?" Akamvua ile kofia ngumu nyeupe, akaivaa juu ya ile ya marehemu. "Kabila gani?"

"Mimi... Mnyamwezi, mama."

"Mtani wa marehemu! Karibisheni! Leteni mfupa!"

Injinia alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, na kijana aliyelelewa vizuri hawezi kuuruka msiba. Aliketi. Sahani ikaja. Kila alipotaka kuinuka Mama Tumaini alimkumbusha kitu kuhusu bibi yake. Saa kumi kasoro robo alikombolewa, akanawa mikono, akaenda mpaka kwenye shimo la mwarobaini, na kichwa kilikuwa kimekaa pale kimetulia, kama vile hakijawahi kutembelea jiko la mtu.

"Safi sana," akasema. Halafu akanusa. "Mbona kina majivu?"

"Ni udongo wa Miyuji, injinia," nikasema.

Tulipata zile barabara. Tukaenda na mazishini, saa kumi, na nguo za tope.

Miaka iliyofuata mnaijua. Mnajua Gulwe, Mjane alipozama kwenye mchanga wa korongo mpaka kiti, na Lukelo akasema mji wetu wa Dodoma unasemekana kupata jina kwa tembo aliyedidimia, hivyo sisi tunaendeleza mila. Mnajua tulivyopata mashine ya pili, nayo mtumba, na kichwa cha pili, ambacho nilikilaza chini ya kitanda wiki nzima kwa furaha.

Msilolijua ni jina lile. Bwana Mafiga lilimfuata Lukelo kila eneo la kazi. "Bwana Mafiga, leo tunapika nini?" Alicheka siku zote. Lakini kuna kazi moja mkandarasi alisema kwenye mashine akae mtu mwingine yeyote isipokuwa yule wa mafiga. Lukelo, opereta bora niliyewahi kumwona, akakaa kwenye pikapu siku nne anamenya karanga. Mimi nilikuwa natembea na lokeita mbele ya kioo cha gari lile, nakwenda na kurudi, na sikusema kitu. Alinihifadhia nusu ya karanga kila siku.

Kwa haki yote, Lukelo angeweza kukataa kusukuma. Kanuni ya fundi Hamisi ilimhusu na yeye. Lakini yeye hakuwa asiyeona. Alikuwa na macho, na macho yake yalikuwa yanafyonza mfupa.

Nilipomaliza kuandika mpaka hapo, nikaona si halali mlisome daftari ninyi kabla yake. Nikapanda bajaji mpaka kwake, tukaketi barazani, nikamsomea mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza kama Hamisi, macho yamefumbwa.

"Unisamehe, mtani," nikasema.

"Nilikusikia," akasema.

"Umenisikia nini?"

"Kwenye simu. Siku ile. Nilikusikia unafyonza mfupa." Akafumbua macho, na alikuwa amekasirika kweli, jambo ambalo kwa mtani haliruhusiwi. "Ndahani, umenifanyia nini? Miaka yote hii naitunza! Nimeitunza nije niiseme kwenye msiba wako, nimevaa koti lako, mbele ya watoto wako na mchungaji. Nimeshapanga na pa kufyonzea mfupa. Sasa umeiandika! Siku hiyo nitasema nini? Nitasimama kama nani?"

"Sikujua," nikasema.

"Hukujua! Kwani lini umejua?"

Akaingia ndani, akatoka na kanga ya mkewe, akalifunga daftari hili mafundo mawili, akaliketia. Akasema likomboe.

Nilitoa maji, akakataa. Nikatoa koti lenyewe, akasema koti atalichukua vyovyote vile. Tulikaa pale mpaka chai ikapoa. Mwisho nikamsogelea sikioni nikamwambia kosa jingine langu, la kazini, kubwa kuliko la Miyuji, ambalo halijui mtu yeyote, hata mke wangu, hata Hamisi. Nilimwambia lote.

Lukelo alinitazama muda wa kufunga rodi moja. Kisha akaanza kutikisika mabega, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akanirudishia daftari na kunipangusia vumbi kwenye jalada.

Kosa hilo halimo humu. Analo mwenyewe, amelihifadhi vizuri, na sasa ananiulizia afya yangu kila asubuhi.